Jiko la kuchomea nyama: namna ya kulisafisha na kulitunza lisikufukuzie wateja



Somo la leo ni la sisi tunaochoma. Kuku, mishkaki, mbuzi, samaki, ndizi. Tunapokea oda WhatsApp na Instagram, tunachomea uani, boda anapeleka. Wewe unayeuza nguo au vipodozi usikimbie, soma tu, kuna sehemu inakuhusu pia. Mteja wa mtandaoni haoni jiko lako. Yule wa kibandani anasimama pale, anaona wavu, anaona mikono yako, asiporidhika anaondoka. Wa mtandaoni anaona picha tu, anatuma hela, anasubiri. Amekuamini bila kuona.

Naanza na kilichonikuta mimi, halafu tunaenda hatua kwa hatua. Ni ndefu kidogo, ihifadhi uisome taratibu.

KILICHONIKUTA

Jumamosi moja nilikuwa na oda kumi na mbili za kuku. Kwa miaka miwili nilikuwa nasugua wavu kwa brashi ya waya, ile ya mpini wa mbao ya shilingi elfu tatu wanayotumia mafundi kukwangua kutu. Nilikuwa nasugua kwa nguvu, wavu unang'aa, najiona msafi kuliko wote mtaani.

Saa mbili usiku ikaingia picha kutoka kwa mteja wangu wa kila Jumamosi, mama mmoja anayechukua kuku wawili wa familia. Kwenye tishu nyeupe kulikuwa na kipande cha waya, chembamba kama uzi, urefu kama wa kucha. Chini ameandika: "Dada, hii nimeitoa kinywani kwa mtoto. Nashukuru Mungu hakumeza."

Nikaenda kuangalia brashi yangu. Katikati ilikuwa na upara. Waya nyingi hazipo. Sasa jiulize, zilikuwa zimeenda wapi muda wote huo?

Nitasema ukweli, nilikaa kama dakika tano natafuta uongo. Nimwambie labda ni waya wa kusugulia masufuria wa jikoni kwake. Mdogo wangu aliyekuwa ananisaidia akaniambia, "Dada, jibu pole tu, yaishe." Nikampigia simu. Nikamwambia kosa ni langu, ni brashi yangu, naomba unisamehe. Nikamrudishia hela yote usiku uleule. Nikamwomba amwangalie mtoto, akilalamika koo au tumbo ampeleke hospitali na awaambie kabisa kwamba huenda kuna waya, gharama juu yangu.

Halafu nikabaki na oda kumi na moja ambazo hakuna mtu aliyelalamika. Mdogo wangu akasema, "Wameshakula hao, utajiharibia jina bure." Nikapiga simu kumi na moja. Wawili walikuwa hawajala, nikawaambia wasile, nikawarudishia hela. Waliobaki walishakula na walikuwa wazima. Mmoja alinifokea sana, nikamwacha afoke, ni haki yake. Wateja wanne kati ya wale hawajaagiza tena mpaka leo. Wengine wapo, na wawili waliniambia wamebaki kwa sababu ya ile simu.

Siwaambii haya ili mnisifu. Nawaambia kwa sababu brashi ileile ipo kwenye majiko mengi naoyaona kwenye status zenu.

Na si bahati mbaya yangu peke yangu. Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti ya watu sita waliotibiwa Providence, jimbo la Rhode Island, baada ya kumeza waya za brashi za kusafishia majiko ya kuchomea. Waya wa namna hiyo unaweza kuchoma koo, na ukishuka unaweza kutoboa utumbo. Nyama ikiwa moto na ina masizi kidogo, huuoni kabisa.

Sasa twende kazi.

1. TUPA BRASHI YA WAYA, TUMIA HIVI

Unaweza kununua brashi mpya, lakini nayo itachakaa na siku ya waya wa kwanza kung'oka hutajua. Mimi niliamua kuachana nayo. Natumia vitu vinne:

- Skrepa ya mafundi rangi, ile bapa ya chuma. Inakwangua uchafu mgumu bila kuacha kitu nyuma.
- Nusu ya kitunguu maji iliyochomwa kwenye uma mrefu. Wavu ukiwa moto unapitisha upande uliokatwa. Maji ya kitunguu yanageuka mvuke, uchafu unalainika na kutoka.
- Foili iliyokunjwa kama mpira, unaishika kwa koleo. Isiwe na vipande vinavyoning'inia, na ukimaliza futa wavu.
- Makumbi ya nazi, kwa wavu uliopoa. Bibi zetu wa Pwani walisugulia masufuria kwa makumbi na majivu, na hawakuwa wajinga. Majivu yana magadi ya asili yanayokata mafuta. Chekecha majivu yaliyopoa kabisa, lowesha makumbi, chovya, sugua, kisha suuza kwa maji mengi.

Vyovyote utakavyosugua, hatua ya mwisho ni moja: futa wavu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kabla hujaweka nyama. Cheupe, ili uone kinachotoka. Na upitishe macho kila mstari wa wavu kwenye mwanga. Dakika moja tu.

2. SAFISHA LIKIWA BADO NA MOTO

Kosa la wengi ni kumaliza oda, kuchoka, na kusema nitasafisha kesho. Ukiamka mafuta yameganda, viungo vimekauka, inakuchukua saa nzima. Tena mafuta yaliyolala usiku yanaita mende na panya. Panya akipita kwenye wavu usiku, wewe asubuhi huna habari.

Utaratibu wangu kila nikimaliza kuchoma:

a) Natoa nyama yote, nauacha wavu juu ya makaa kama dakika kumi. Kama jiko lina mfuniko, nafunika. Mabaki yanaungua na kuwa makavu.

b) Nakwangua kwa skrepa, mistari yote, juu na pembeni.

c) Napitisha kitunguu au mpira wa foili.

d) Moto ukishapungua, nachukua kitambaa kilichochovya mafuta ya kupikia kidogo sana, nakishika kwa koleo, napaka wavu mwembamba. Angalizo: usimwage mafuta juu ya makaa, utawasha moto usoni.

Jumla dakika kumi na tano, na muda huo huo nafunga oda za mwisho.

3. MAJIVU YASILALE NDANI YA JIKO

Hili nililipuuza sana. Majivu yananyonya unyevu wa hewani. Yakishakuwa na unyevu na yamelala juu ya bati, chuma kinaanza kuliwa na kutu kuanzia chini. Sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa ndo kabisa, hewa yetu ina unyevu na chumvi. Ongeza chumvi na ndimu vinavyodondoka kutoka kwenye nyama, jiko la pipa linaweza kutoboka mapema kuliko ulivyotarajia.

Pili, majivu yanaziba matundu ya hewa. Kuna kipindi nilikuwa nalalamika mkaa wa siku hizi ni mbovu, hauwaki, naongeza mkaa juu ya mkaa. Kumbe matundu ya chini yalikuwa yameziba. Moto unahitaji hewa. Nilipoyazibua, nikarudi kwenye kiasi changu cha zamani cha mkaa. Hiyo ni hela niliyokuwa nachoma bure.

Kutoa majivu: subiri yapoe. Na usidanganyike kwa macho. Kaa likifunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku nzima na zaidi. Weka majivu kwenye debe au ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na ukuta wa mbao, mifuko na nguo zilizoanikwa, yakae siku mbili ndipo uyamwage. Usiyaweke kwenye ndoo ya plastiki wala kiroba. Usiyamwage moja kwa moja kwenye jalala lenye makaratasi.

4. USAFI MKUBWA, MARA MOJA KWA WIKI

Chagua siku ambayo huna oda. Yangu ni Jumatatu. Jiko liwe limepoa kabisa.

Mahitaji: magadi ya unga, maji ya moto, beseni pana, glovu za mpira, sabuni ya vyombo, makumbi au dodoki, skrepa, vitambaa viwili.

- Toa wavu, loweka kwenye maji ya moto yenye magadi. Mimi naweka vijiko viwili vikubwa kwa kila lita tano. Acha nusu saa mpaka saa moja. Magadi yanageuza mafuta kuwa kama sabuni, ndo maana yanaachia yenyewe. Vaa glovu, magadi yanakausha na kuunguza ngozi. Na usilowekee sufuria au sinia za alumini, zitageuka nyeusi na kulika.
- Wakati wavu unalowa, kwangua ndani ya jiko. Chini ya mfuniko utakuta magamba meusi yanayobanduka kama rangi. Si rangi hiyo. Ni moshi na mafuta yaliyoungana na kukauka. Yakiachwa, yanadondoka juu ya nyama ya mteja. Kwangua yote.
- Zibua matundu ya hewa kwa msumari au kipande cha nondo.
- Sugua wavu, osha kwa sabuni, suuza mara mbili mpaka utelezi uishe.
- Kausha. Usiache maji yajikaushe yenyewe juu ya chuma. Futa, anika juani, kisha paka mafuta.

Onyo moja kubwa hapa. Kuna wanaosafisha kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya klorini, halafu wanaongeza ndimu au siki ili "iwe kali". Usifanye hivyo kabisa. Klorini ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Na hata peke yake dawa hiyo inakula chuma. Haina kazi kwenye jiko.

5. KUTU NA KUPAKA MAFUTA

Wavu wa chuma cha kawaida ukiachwa mkavu bila mafuta utashika kutu, hakuna mjadala. Kutu kidogo ya juu inatoka. Sugua kwa msasa mpaka uone chuma, osha vumbi lote, kausha, kisha fanya hivi:

Paka mafuta ya kupikia membamba sana, futa yaliyozidi, weka wavu juu ya moto mzuri kama nusu saa mpaka moshi wa mafuta upungue. Rudia mara mbili au tatu. Mafuta yakipata moto mkali yanageuka tabaka gumu jeusi linaloshikana na chuma. Hilo tabaka linazuia kutu na linafanya kuku asigande. Mkipaka mafuta mengi mnakosea, yanabaki yananata na kushika vumbi.

Sasa wengi wananiuliza, nitajuaje weusi huu ni wa tabaka zuri au ni uchafu? Pitisha kidole wavu ukiwa umepoa. Ukiwa laini na haubanduki, ni tabaka, uache. Ukiwa na mabonge, unanata au unabanduka magamba, ni uchafu, toa. Kwa hiyo wavu kuwa mweusi si tatizo. Mimi zamani nilikuwa nasugua mpaka ung'ae, kumbe ndo nilikuwa naondoa kinga yake kila siku.

Kutu ikiwa imekula chuma mpaka mistari imekuwa myembamba au ina mashimo, usitengeneze. Nunua mwingine.

6. WAVU GANI, JIKO GANI

Hapa kuna hatari isiyoonekana. Kuna wavu wa rangi ya fedha iliyofifia, wakati mwingine una madoadoa kama maua. Ule umepakwa zinki ili usishike kutu nje. Ni wavu wa madirisha, uzio na mabanda ya kuku. Si wa kuchomea chakula. Zinki ikipata moto mkali inaweza kutoa moshi unaodhuru, na chakula chenye ndimu kinaweza kuinyonya. Wengi wanautumia kwa sababu ni rahisi na unang'aa. Acha.

Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee wavu wa nondo laini za duara, zisizo na makunyanzi. Nondo za ujenzi zenye mistari zinashika uchafu kwenye mikunjo, kuzisafisha ni kazi mara mbili. Mimi nililipa elfu arobaini, nondo na ufundi. Ukiwa na uwezo wa stenlesi, bora zaidi, haishiki kutu haraka na ni rahisi kuosha. Mwambie fundi asiupake rangi. Akishamaliza, kwangua vipande vya uchomeleaji, osha, kisha upashe mafuta kama nilivyoeleza hapo juu.

Jiko la pipa: uliza pipa lilibeba nini. Kama lilikuwa la kemikali au dawa za viwandani, usichukue hata kwa bure. Tafuta lililobeba mafuta ya kula, na hata hilo rangi yote ya ndani ikwanguliwe na liwashwe moto mkali tupu kabla ya chakula kukaribia. Ukishindwa kujua historia ya pipa, mpe fundi bati jipya akuundie.

7. WANAOTUMIA GESI

Jiko la gesi halina majivu lakini lina mambo yake.

- Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta, fungua gesi bila kuwasha. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Funga. Usijaribu kuangalia kwa kiberiti.
- Kagua mpira. Ukiwa na nyufa, umekakamaa au umeliwa na panya, badilisha siku hiyo hiyo.
- Matundu ya bana yakiziba kwa mafuta au utando wa buibui, moto unakuwa wa njano na haulingani. Zibua kwa waya mwembamba au kijiti jiko likiwa limepoa na gesi imefungwa.
- Toa sinia ya kukingia mafuta na uioshe kila siku ya kuchoma. Mafuta yaliyojaa pale ndo yanayowaka ghafla.
- Mtungi usimame wima, nje, mbali na moto.

8. MOTO NA MOSHI

Mafuta yakiwaka, usimwage maji. Maji yanarusha mafuta yanayowaka kila upande. Toa nyama kama unaweza, funika jiko, ziba matundu ya hewa. Kama ni gesi, funga mtungi. Mimi naweka ndoo ya mchanga pembeni kila ninapochoma, haina gharama.

Mvua ikinyesha, usihamishie jiko la mkaa chumbani wala kwenye kibaraza kilichofungwa. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua mtu akidhani ana usingizi tu. Oda iahirishwe, mteja ataelewa. Jiko lililobaki na makaa usiku nalo lisiingizwe ndani kuogopa wezi.

Na ule moshi mzito wa mafuta yanayodondokea makaa, wengine wanadhani ndo ladha. Unabeba kemikali zisizofaa kiafya na unaacha masizi kwenye nyama. Wavu safi, mafuta yaliyozidi ya kuku yakatwe kabla, na makaa yasukumwe pembeni kidogo. Picha yako pia itatoka nzuri, kuku wa dhahabu badala ya kuku wa masizi.

Kidogo kuhusu koleo: kuwa na mbili. Moja ya nyama mbichi, nyingine ya iliyoiva. Sinia vilevile. Wavu unaweza kuwa safi kabisa halafu ukachafua kuku aliyeiva kwa koleo lenye damu. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, ndani ya kuku pafike nyuzi 74 za sentigredi.

9. HESABU

Najua mtasema, huo usafi wote nani analipa? Tufanye hesabu pamoja.

Mimi kwa mwezi natumia kama elfu sita kwa magadi, sabuni, foili na vitambaa. Nachoma kuku wasiopungua arobaini. Elfu sita gawa kwa arobaini ni shilingi mia na hamsini kwa kuku. Kuku namuuza elfu ishirini. Mia na hamsini tu.

Upande wa pili: yule mama wa Jumamosi alikuwa anachukua kuku wawili, elfu arobaini kwa wiki. Kwa mwezi wa wiki nne ni laki moja na sitini. Zote zimeondoka kwa brashi ya elfu tatu.

Kwa hiyo weka usafi kwenye bei yako kama unavyoweka mkaa na boda. Usiuite hasara.

Ratiba fupi, iandike uibandike ukutani:

Kila siku ya kuchoma: kagua wavu na ufute kwa kitambaa cheupe kabla ya kuanza. Ukimaliza, choma mabaki, kwangua, paka mafuta. Asubuhi toa majivu.

Kila wiki: loweka wavu kwa magadi, kwangua ndani na chini ya mfuniko, zibua matundu, kausha.

Kila mwezi: angalia kutu, miguu ya jiko, maungio ya fundi, mpira wa gesi. Skrepa na koleo navyo vikaguliwe.

10. MWONYESHE MTEJA

Tangu siku ile, kila Jumamosi kabla ya kuweka kuku wa kwanza, narekodi video fupi ya sekunde kumi na tano. Wavu mtupu, kitambaa cheupe kinapita, naonyesha kitambaa. Basi. Siweki muziki wala maneno mengi. Ile video inaniletea maswali ya oda kuliko picha za kuku mwenyewe. Watu wanataka kujua wanachokula kimepita wapi.

Lakini usirekodi wavu wa maonyesho halafu ukachomea mwingine. Siku ukikamatwa, huna pa kujificha.

Na kosa likitokea, maana litatokea siku moja, iwe nyuzi kwenye kuku au nguo iliyochanika: pokea simu, kubali, rudisha hela, na watafute wale ambao hawajalalamika bado. Usisubiri wakukute kwenye kundi la WhatsApp.

Yule mama nilimpigia tena kesho yake na siku ya tatu. Mtoto alikuwa mzima, anacheza. Alinishukuru kwa kumpigia. Hakuniposti popote, hakunisema vibaya kwa mtu. Ila hajaagiza tena. Kila Jumamosi nikiweka ile video, naona jina lake kwenye orodha ya walioangalia. Simsumbui. Naendelea kusafisha jiko.

Kama una brashi ya waya uani kwako, nenda kaiangalie sasa hivi kama ina upara. Halafu mtumie mwenzako anayechoma somo hili.

Kazi njema, na Mungu abariki mikono yetu.